Sahani ya Kwanza ya Ukoko

Kiwandani walimwita Ukoko, na jina hilo alilipata kihalali kabisa. Wali ukishika chini ya sufuria kubwa, wapishi wengine huloweka, wakasugua, wakatupa. Yeye aliubandua taratibu kwa mwiko wa chuma, akauvunja vipande, akawagawia mafundi waliokuja kupiga hodi dirishani wakijifanya wanaulizia maji ya kunywa. Mtu mzima na ndevu zake amesimama pale anaomba ukoko, tena anakasirika akipewa kipande kidogo kuliko mwenzake. Basi jina likamganda, na lile la kuzaliwa likabaki kwa mama yake mzazi na kwenye vyeti.

Kilikuwa kiwanda cha kushona sare. Za shule, za walinzi, za manesi, wewe tu na oda yako. Kulikuwa na ukumbi mrefu wa vyerehani, ukumbi wa pili wa kukatia vitambaa, chumba cha pasi ambacho mvuke wake ulikutoa jasho ukiwa bado mlangoni, na nyuma kabisa, ukishapita uchochoro wa magunia ya mabaki ya vitambaa, bwalo la chakula na jiko lake. Humo ndimo Ukoko alimofanyia kazi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mtu mnene, mcheshi, sauti yake inasikika juu ya kelele za vyerehani, tumbo linafika mlangoni kabla yake. Mafundi walisema tumbo lile ndilo tangazo la jiko. Naye hulipiga kofi, akawaambia hili halikununuliwa dukani, limejengwa kwa mkono.

Sasa jiko lile lilikuwa na sheria mbili, na bila hizo sheria mimi nisingekuwa na cha kusimulia. Zamani, kabla ya Ukoko, watu walilishwa maharage yaliyolala, wakalazwa hospitali karibu nusu ya kiwanda. Mwenye kiwanda alipoona vyerehani vimekaa bila watu, akatoa amri. Kwanza, mpishi mkuu atakula sahani nzima ya chakula cha siku hiyo mbele ya watu wote, kabla mwingine hajagusa. Sahani nzima, siyo kijiko cha kuonjea. Pili, mgonjwa hapiki. Ukiugua ugonjwa wa kukaa nao, unarudisha aproni na funguo za stoo, jiko linapata mwingine. Ukizitazama moja moja, sheria zote mbili zina akili. Balaa ni pale zinapomkuta mtu mmoja.

Ile ya kwanza ilishakuwa desturi. Katikati ya bwalo paliwekwa meza ndogo ya mtu mmoja. Kengele ikilia, mafundi waliingia, wakakaa kwenye mabenchi, wakamtazama Ukoko anakula. Foleni hapangi mtu. Atakula mpaka punje ya mwisho, atafuta sahani kwa kipande cha mkate, kisha ataipindua kifudifudi juu ya meza, kwaa! Hapo ndipo utaona watu wanavyoinuka. Walimtania afanye haraka, kuna watu hapa hata chai hawajanywa, naye anajibu huku mdomo umejaa kwamba kitu kitamu hakikimbizwi. Miaka na miaka sahani ile ilikuwa raha yake. Ni nani mwingine analipwa mshahara kwa kula huku anatazamwa?

Ndipo sukari ikamshika.

Ilianza na kiu. Anakunywa maji, anakwenda haja, anarudi kunywa maji mengine. Halafu macho yakaingia ukungu, akawa anachambua mchele kwa vidole zaidi kuliko kwa kuona. Halafu kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikachubuliwa na buti, kidonda chenyewe hata hakistahili jina la kidonda, na hakikupona. Alipaka hiki, akapaka kile, akalilaumu buti. Mkewe, ambaye alimwita Baba watoto siku za amani na Wewe siku nyingine, akamburuta mpaka zahanati. Nesi akampima, akatazama kipimo, akapima tena kwa kuwa hakuamini. Akamwambia sukari iko juu sana, na kidonda hicho asikifanyie mzaha, maana watu wameingia hospitali na kidonda kama hicho wakatoka na mguu mmoja. Akampa vidonge, akamwambia apunguze sukari.

Haya, mwambie mpishi apunguze sukari. Ukoko alirudi nyumbani akatangaza vita. Bakuli la sukari likaondolewa mezani. Chai akatia asali, vijiko viwili vya kufurika, maana nyuki hana kiwanda. Soda akaiacha kabisa, akahamia juisi ya matunda, bilauri ile kubwa asubuhi na jioni, kwa hoja kwamba tunda limetoka mtini halikutoka dukani. Mkate akala bila jamu, na kwa kuwa hauna jamu akaona haki yake kuongeza vipande. Akajisifu kwa majirani. Aliporudi zahanati, sukari ilikuwa imepanda kuliko mwanzo.

Yule nesi alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaacha kucheka. Akamkalisha, akamweleza polepole. Asali ni sukari, hata kama aliyeitengeneza ana mbawa. Juisi ni matunda mengi yaliyokamuliwa, nyuzi zake zimeachwa kwenye chujio, kwa hiyo utamu wote unakimbilia damuni kwa pamoja. Heri angelitafuna tunda dogo moja. Na kubwa zaidi ni hivi vinavyojifanya vyakula vya upole, visivyo na utamu wowote mdomoni. Wali mweupe. Mkate mweupe. Viazi vya kupondwa. Uji wa unga uliokobolewa. Hivyo vikishafika tumboni vinageuka sukari upesi, na ukivila kwa wingi vinapandisha sukari ya damu ghafla. Aanze kula mboga za majani, ashibie maharage na kipande cha samaki, wali uwe kama ngumi yake na usizidi hapo, kisha atembee kidogo badala ya kulala.

Ukoko alisikiliza. Mwanamke yule alikuwa anamsomea ratiba ya jiko lake. Wali na viazi, mkate na viazi, wali na mkate, wiki nzima. Kiwanda kinalisha watu wanaotakiwa kushiba kwa bei nafuu, na hivyo ndivyo vinavyoshibisha. Akauliza, kama anamuulizia jirani, je, kuna mtu ambaye lazima ale sahani nzima? Nesi akamuuliza ni nani anayemlazimisha mtu mzima kula. Ukoko akaaga.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu aliyebanwa kati ya mlango na ukuta. Akila, anaukata mguu wake mwenyewe kwa kijiko. Asipokula, itajulikana ni kwa nini, na mgonjwa hapiki. Mnene wa umri wake, macho yana ukungu, anachechemea, nani mwingine angempa hata kazi ya kuosha vyombo? Na msidhani ni tumbo tu lililomtia hofu. Nje ya jiko lile yeye alikuwa mzee mmoja mwenye kadi ya zahanati. Ndani ya jiko alikuwa Ukoko, watu wakimwona wanatabasamu. Aliogopa kukalishwa barazani na kupewa pole na kila anayepita, na hofu hiyo ilimkaa rohoni kuliko hata kisu cha daktari.

Mkewe hakujua habari za sahani. Alijua tu kwamba mumewe ni mpishi, na wapishi huonja. Yeye alishika jiko la nyumbani kwa mikono miwili. Kabla ya hapo, siku za mapumziko Ukoko ndiye aliyepika, na watoto waliokwisha kuolewa walikuja kwa ajili ya mkono wake. Sasa akapigwa marufuku hata kusogea. Akapewa mboga za majani, maharage, samaki wa kuchemsha, na wali kidogo unaoweza kuuhesabu. Akala bila kulalamika, jambo ambalo lenyewe lilipaswa kumshtua mke. Kisha Mama watoto akanunua kile kimashine cha kupimia, akajifunza kukitumia vizuri kuliko manesi. Asubuhi alimchoma kidole, na jioni akitoka kazini alimchoma tena, palepale barazani, kabla hajavua viatu.

Hapo ndipo kizaazaa kilipoanzia. Asubuhi sukari imetulia, mke anatabasamu. Jioni imepaa. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya mapumziko, akishinda nyumbani, asubuhi nzuri na jioni nzuri. Mama watoto si mtu wa kuhitaji kuchorewa ramani. Akajua kwamba kuna kitu kinaliwa huko mchana, tena kinaliwa kwa moyo. Akamuuliza, akakana. Akamnusa shati, likanuka vitunguu, lakini shati la mpishi litanuka nini? Akaanza kuwaza mbali. Mwanamume aliyenyimwa vitamu nyumbani na bado anarudi amevimba sukari, basi kuna mtu anampikia. Na anayempikia mume wa mtu kila siku kwa kificho si dada wa kanisani wala wa msikitini.

Jioni moja alitazama kipimo muda mrefu, akakiweka kwenye kifuko chake bila kupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko kelele.

"Baba watoto, huyo anayekulisha anakupenda kweli?"

"Hakuna mtu, mke wangu."

"Basi mwambie akuoshe na kidonda."

Akaingia ndani. Ukoko akabaki barazani na tone la damu kwenye kidole. Angesema nini? Angemwambia ukweli, mwanamke yule angefunga kanga yake barabara, angekwenda moja kwa moja mpaka mezani kwa meneja, na kabla ya saa sita aproni ingekuwa juu ya kiti. Alimjua. Ndiye aliyewahi kumtoa daktari nyumbani kwake na kumrudisha kazini, daktari akiwa bado ameshika mswaki. Kwa hiyo akafunga mdomo, na kila alipoufunga, tuhuma ikazidi kunenepa.

Alijaribu ujanja wote. Alijaza kabichi chini ya sahani, akatandaza wali juu kama shuka. Siku mbili mambo yakaenda, siku ya tatu fundi mmoja mwenye macho ya kunguru akauliza kwa sauti, Ukoko, mbona leo wali unaufukia majani, una nini huo wali? Ilikuwa utani, lakini bwalo zima likageuka kutazama, na hakuna aliyecheka sana. Kesho yake akajaza mlima ili kuzima maneno. Alianza na mboga kama alivyofundishwa, akala wali mwishoni, lakini mlima ni mlima. Watu wakiwa kwenye foleni alikuwa akizunguka uchochoroni kati ya magunia ya mabaki, kwenda na kurudi, anachechemea, anatembeza sukari. Halafu usingizi mzito ulimwangukia, akapika chai ya saa tisa huku kope zinagoma. Na kidole kikaanza kuwa cheusi.

Nesi alipokiona alifunga mlango ndipo akasema. Kama sukari itaendelea hivi, hawatakata kidole tu. Ukoko alirudi nyumbani. Usiku hakulala. Asubuhi alipiga moyo konde: leo sahani ile sili, liwalo na liwe.

Msaidizi wake, mpishi wa pili, mafundi walimwita Chumvi kwa sababu ambayo kila aliyekula mchuzi wake aliielewa. Ukoko akamwambia jino linamuuma, hawezi kutafuna, akae yeye mezani leo. Chumvi hajawahi kukaa pale. Aliketi, akaona macho yote yale, akaanza kula mbiombio huku jasho linamdondoka puani. Akamaliza, akafuta, akaipindua sahani, kwaa!

Hakuinuka mtu.

Chumvi akadhani hawakuona. Akaiinua, akaipindua tena. Watu wamekunja mikono. Mmoja akauliza Ukoko yuko wapi, akajibiwa anaumwa jino. Mwingine akasema jana jino hilo lilikuwa linavunja mifupa. Kutoka benchi la nyuma ikaja habari kwamba mchele umebadilishwa, wameleta wa bei poa. Benchi la pembeni likasahihisha, si mchele, ni mafuta. Na yule kijana, tazameni anavyotokwa na jasho, kalazimishwa huyo. Mpishi ameujua ubaya wa chakula, amejitoa, amemsukumia mwenzake. Jamani, njaa na woga vikikaa benchi moja, havikosi cha kuongea. Waliokumbuka maharage yale ya zamani wakaanza kuwasimulia wageni, na kila aliyesimulia aliongeza mtu mmoja kwenye idadi ya waliolazwa.

Ukoko alikuwa nyuma ya dirisha la kupakulia, anasikia kila neno. Hakuwahi kufikiria hili. Alidhani sahani ile ni ya sheria, kumbe ilishakuwa yake. Kila sufuria aliyoipika ilikuwa imesimama pale inapoa kwa sababu yeye hakuketi kwenye kile kiti. Watu aliowalisha nusu ya maisha yao walikuwa wanakitazama chakula chake kwa jicho la kukitilia shaka, na hilo lilimuuma kuliko kidole.

Meneja akaja. Hakuwa mtu mbaya, ila siku hiyo kulikuwa na lori linasubiri oda, na mafundi hawarudi kwenye vyerehani na njaa. Aliposikia habari, akaingia jikoni, akamuuliza Ukoko chakula kina tatizo? Hakina. Wewe una tatizo? Ukoko akashika shavu lake, akasema jino. Meneja akamwambia jino atalitibu kesho kwa gharama ya kiwanda, leo aende akae, ale, watu waone. Chumvi, kwa kutaka kuyamaliza, akapakua kilima ambacho hakijawahi kuonekana mle. Wali, viazi juu ya wali, mkate pembeni, na bilauri ya juisi ya unga yenye rangi ya chungwa.

Ukoko akaenda mpaka kwenye meza ndogo. Njia ilikuwa fupi akaiona ndefu. Akaketi. Akasikia bomba linadondosha maji jikoni. Mbele yake kilima, nyuma yake meneja, pande zote watu wanasubiri mdomo wake. Akashika kijiko, akajaza wali, na alipouinua akamwona mkewe mlangoni.

Siku hiyo Mama watoto alikuwa ameamua kumaliza ubishi. Amefunga bakuli la maharage na mboga kwenye kitambaa, kisingizio cha kumletea mume chakula, mlinzi wa getini akampitisha kwa kuwa anamfahamu. Alikuja kumwona huyo mwanamke. Alisimama pale akatazama kwanza kando ya mumewe, kulia na kushoto, akimtafuta. Akatazama dirisha la kupakulia, akamkuta Chumvi. Akatazama mabenchi, akakuta watu wote wamemkodolea macho mumewe. Ndipo akaitazama sahani. Akaitazama muda mrefu. Kisha akatembea katikati ya watu, bila haraka, akafika mezani.

"Kumbe ndiye huyu," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiye huyu."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Meneja akauliza huyu ni nani, Ukoko akajibu ni mke wangu. Na hapo, wenzangu, mwanamke ambaye angeweza kulitikisa bwalo lile kwa neno moja alilifunga bakuli lake vizuri, akaliweka juu ya meza, akainamisha macho.  Neno alimwachia mumewe aliseme mwenyewe. Ukoko angemezwa na ardhi asingelalamika, maana kelele alizizoea, heshima ile hakuizoea. Kijiko kilikuwa bado kimeinuliwa, punje zikadondoka mezani.

Angekula, wangeinuka. Angebaki na jiko mpaka mguu utakapokatwa, na siku ya kukatwa jiko lingeondoka vilevile. Aliyaona yote hayo kwa mara ya kwanza bila ukungu. Akakirudisha kijiko.

"Jamani, chakula ni kizima," alisema. "Mbovu ni mimi. Nina sukari. Sahani hii kwenu ni shibe, kwangu mimi inakata mguu, na nimewaficha kwa sababu nilitaka kuendelea kuwapikia. Nimemaliza."

Hapakuwa na aliyesogea. Ukoko hakuthubutu kuinua uso. Akafikiri, sasa nimekosa vyote, mguu bado haujapona, jiko limekwenda, na chakula watakimwaga. 

Benchi likakwaruza sakafu. Alikuwa mama mmoja wa chumba cha pasi, mkongwe kuliko wote pale, waliyemwita Bibi Pasi, mwenye mikono iliyoiva kwa mvuke.  Alichukua sahani kwenye rundo, akaenda mpaka dirisha la kupakulia, akasimama. Chumvi akakimbilia mwiko. Bibi Pasi akatikisa kichwa, akasema hajaja kupakuliwa na yeye.

Ukoko akainuka, akachechemea mpaka jikoni, akaushika mwiko wake.

"Hujaniona nikila," alimwambia.

"Nimekuona miaka yote hiyo," Bibi Pasi akasema. "Pakua, nina njaa."

Akampakulia. Nyuma yake akaja fundi wa vifungo, nyuma ya fundi wa vifungo wakaja watu wa kukata, kisha mabenchi yakainuka yote, foleni ikazunguka ukuta mpaka ikatoka nje uchochoroni. Hakuna aliyemtania. Mmoja alimwambia mama yake ana sukari pia, na viazi anavipenda kufa. Mwingine alisema pole. Yule wa macho ya kunguru alisogeza sahani karibu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea.

Meneja alikuja akasimama mwisho wa kaunta, karibu na msumari wa kutundikia aproni. Alisubiri mpaka Ukoko akamtazama. Akamwambia kwa upole kwamba anasikitika, sheria hakuiandika yeye, amalize kwanza foleni kisha waonane na zile funguo. Ukoko akaitikia, akaendelea kupakua.

Sasa alipakua polepole. Kila mtu alimchotea, akautengeneza wali kwa mgongo wa mwiko, akamwagia mchuzi pembeni usilowanishe, akamuuliza watoto wazima, akamuuliza mgongo unaendeleaje. Foleni ilikuwa ndefu, naye akaipenda kwa urefu wake. Aliichungulia kila mara juu ya vichwa vya watu. Ikaacha uchochoro. Ikaacha mlango. Ikabaki ya ukuta mmoja, kisha ya watu wachache, kisha mlinzi wa getini aliyekuja kwa kuchelewa, akachukua chake akaondoka.

Ukoko akabaki ameshika mwiko.  Bwalo zima lilikuwa linakula, vichwa vimeinama.

"Nani hajapata?" Ukoko akauliza kwa sauti yake ile ya siku zote.

Hakujibiwa. Akauliza tena.

Mama watoto, aliyekuwa bado ameketi kwenye ile meza ndogo karibu na bakuli lake la maharage, na ambaye watu wote nyumbani wanajua wali hajawahi kuupenda, akainuka. Akaenda kwenye rundo, akachukua sahani, akaja kusimama peke yake mbele ya dirisha.

"Mimi sijapata," alisema.

Akampakulia polepole kuliko wote.